Upasuaji wa Mohs kwa vinundu vya pua na uso: tathmini ya huduma, hatua kwa hatua

Kinundu cha pua kikitolewa, mkato safi ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kile kinachofanyiwa kipande kilichotoka: nani anakitazama chini ya hadubini, anatazama sehemu kubwa kiasi gani ya kingo zake, na je, anakitazama kabla kidonda hakijazibwa au wiki moja baada ya mshono. Huduma ya upasuaji wa Mohs, ambao hutoa saratani ya ngozi tabaka kwa tabaka na kusoma ukingo wote wa kila tabaka kwa hadubini kabla ya kuziba, tunaipima kwa kipimo hicho, kwa sababu ndicho kinachoamua kama saratani ya ngozi ya pua itarudi. Kwa kinundu kinachofaa, na kwa timu iliyokamilika, hatujui njia nyingine ya kukata inayoifikia. Kwa kinundu kisichofaa, mgonjwa anapoteza siku nzima, na wakati mwingine anawekwa hatarini.

Njia hii ilianzishwa na Frederic Mohs, daktari wa upasuaji wa Wisconsin nchini Marekani, katika miaka ya 1930. Yeye alipaka dawa kali ya zinki kloridi juu ya uvimbe ili tishu ikauke ikiwa bado mwilini, akasubiri, ndipo akakata. Mgonjwa aliumia, na kazi ilichukua siku kadhaa. Kuanzia miaka ya 1970 madaktari wengi walihamia kwenye tishu mbichi inayogandishwa kwa baridi, na kazi ikaisha siku hiyohiyo. Wazo lake halijabadilika: anayekata ndiye anayesoma slaidi, na ukingo wote unasomwa.

Uchunguzi: hapa ndipo kliniki nyingi zinapoanguka

Kabla ya kuuliza kama kliniki ina Mohs, uliza inavyotambua kinundu. Pua huota mambo mengi yasiyo na madhara. Kipele kigumu cha mviringo chenye rangi ya ngozi, kimoja peke yake, kilichokaa miaka bila kukua, mara nyingi ni papuli ya nyuzinyuzi, na mtu anaweza kuishi nacho. Pua iliyonenepa polepole na kujaa vitundu ni rinofima, tezi za mafuta zilizokua kupita kiasi kutokana na rosasea, ugonjwa sugu wa wekundu wa uso. Hiyo huchongwa kwa wembe, umeme au leza ya kaboni dioksidi, na mchongaji stadi huacha sehemu ya chini ya tezi ili ngozi mpya iote kutoka humo. Akizimaliza zote, kinachobaki ni kovu jeupe linalong'aa. Vilivyochongwa navyo viende maabara, kwa kuwa saratani huweza kujificha ndani ya rinofima.

Kinundu chekundu kilichoota ndani ya wiki chache na kutoka damu kikiguswa kidogo huweza kuwa granuloma ya payojeni, ambayo si saratani. Tatizo ni kwamba melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi) isiyo na rangi huiga sura hiyohiyo, na macho peke yake hayatoshi kuzitenganisha.

Saratani inayoongoza puani ni kasinoma ya seli za msingi. Kwenye ngozi nyeupe huonekana kama kinundu chenye mng'ao na vijishipa vyekundu juu yake. Kwenye ngozi nyeusi maelezo hayo hupotosha. Kasinoma nyingi za aina hii kwa watu weusi zina rangi nyeusi au kahawia, kwa hiyo huchukuliwa kuwa alama ya kuzaliwa au kipele cha uzee, na miaka inapita. Dalili ya kushika ni tabia yake zaidi ya rangi: kidonda kinachofunga gamba, kinatoka damu, kinafunga tena, na mwezi unaisha bila kupona. Kwa watu wenye ualbino, kasinoma ya seli bapa ni ya kuogopwa zaidi. Hukua haraka, na daktari asiyepapasa matezi ya mbele ya sikio, chini ya taya na shingoni hajamaliza kumpima mgonjwa.

Kipande cha uchunguzi kina kanuni zake. Kwa kawaida hutobolewa kwa kifaa cha duara cha milimita 3 au 4, au hukwanguliwa kwa wembe hadi katikati ya ngozi ya ndani. Kichukuliwe kwenye ukingo ulioinuka, ambako seli bado ni hai. Kikichukuliwa katikati penye gamba na nyama iliyokufa, maabara itaandika "uvimbe wa kawaida wa kidonda" na mgonjwa atarudi nyumbani na saratani yake. Kiwekwe kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo wake usipungue mara kumi ya kipande. Maji ya chumvi hayafai, wala chombo kikavu. Na kabla ya hayo yote, picha ipigwe ikiwa na rula pembeni na alama mbili za uso zinazotambulika, kwa mfano kona ya jicho na ncha ya pua. Kipande kidogo huacha kidonda kinachopona kabisa, na mwezi mmoja baadaye daktari na mgonjwa wanaweza kushindwa kukubaliana kinundu kilikuwa wapi. Kukata mahali pasipo penyewe ni kosa linalojulikana sana katika upasuaji wa ngozi, na picha moja hulizuia.

Majibu ya maabara yataje jina la saratani pamoja na namna inavyokua. Ya vinundu ni ya wastani. Inayosambaa kwa nyuzi nyembamba, ya vinundu vidogo sana, au ile inayofanana na kovu, huwa na mizizi isiyoonekana kwa nje. Yataje pia kama seli zimefuata neva.

Kliniki inayochoma kinundu cha pua kwa umeme au kukigandisha kwa naitrojeni ya maji bila kwanza kupeleka kipande maabara hatuipi hata alama moja. Kovu hufunika juu, saratani huendelea chini, na ikija kutambuliwa imegawanyika vipande vilivyotengana, ambavyo hata Mohs hupata shida kuvifuata.

Kilicho ndani ya tundu la pua ni kazi nyingine

Wapo wanaopelekwa kwa daktari wa ngozi wakiwa na uvimbe ulio ndani ya pua. Hao wanahitaji daktari wa masikio, pua na koo mwenye endoskopu (kamera nyembamba ya kutazama ndani), na picha ya CT. Nyama za puani za kawaida huwa pande zote mbili, ni laini, za kijivu, na zikiguswa kwa kifaa haziumi. Tubineti iliyovimba (mkunjo wa kawaida wa ukuta wa ndani wa pua) ni ya waridi na huuma. Mtoto akiwa na nyama za puani, apimwe chumvi ya jasho kutafuta sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi wa kamasi nzito. Mtu mzima mwenye nyama hizo pamoja na pumu aulizwe kuhusu aspirini na dawa za aina ya ibuprofeni, kwa sababu wapo wanaobanwa na kifua vibaya wakizimeza.

Uvimbe wa upande mmoja pekee ni habari tofauti. Unaweza kuwa papiloma iliyopinduka, ambayo baadhi yake hugeuka saratani, na ambayo hurudi isipoondolewa pamoja na mahali iliposhikilia mfupa. CT ikionyesha mfupa umenenepa sehemu moja, mara nyingi mzizi uko hapo, na mpasuaji huusaga mfupa huo. Kijana wa kiume aliyeziba pua upande mmoja na kutokwa damu nyingi mara kwa mara asikatwe kipande kliniki hata kidogo: huenda ana anjiofibroma, uvimbe uliojaa mishipa ya damu, na kipande kimoja kinaweza kuleta damu isiyozuilika. Kwake huanza picha, kisha mishipa inayolisha uvimbe huzibwa kwa ndani siku moja hadi tatu kabla ya upasuaji. Mtoto mwenye uvimbe katikati ya mgongo wa pua naye apigwe picha kwanza. Kitundu chenye unywele kinaashiria kifuko cha demoidi (kifuko cha ngozi cha kuzaliwa nacho), ambacho huweza kuwa na njia hadi ndani ya fuvu. Uvimbe unaojaa mtoto anapolia huweza kuwa utando wa ubongo wenyewe. Kuudunga ni kufungua mlango wa homa ya uti wa mgongo.

Siku ya upasuaji

Kazi hufanyika kwa ganzi, mgonjwa akiwa macho. Ganzi ya kawaida ni lidokeini ya asilimia 1 yenye adrenalini 1:100,000. Mililita 1 ya sodiamu bikaboneti ya asilimia 8.4 ikichanganywa na mililita 10 za ganzi hiyo, mchomo hupungua ukali. Onyo la zamani kwamba adrenalini isitumike kwenye ncha ya pua halina msingi kwa mtu mwenye mzunguko mzuri wa damu. Kinachohitaji uangalifu ni jumla: kikomo ni miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito ikiwa na adrenalini, 4.5 ikiwa haina. Mtu wa kilo 60 hufika kikomo kwenye mililita 42 za asilimia 1. Kwa kuwa ganzi huongezwa kila raundi na tena wakati wa kuziba, muuguzi mmoja apewe kazi ya kuandika kila sindano.

Kwanza sehemu laini ya uvimbe hukwanguliwa kwa kureti, kifaa cha mfano wa kijiko chenye ukingo mkali. Kisha daktari hukata pembezoni kwa milimita 1 hadi 2 tu, kisu kikiwa kimelazwa nyuzi 45, kipande kitoke kama kisahani. Mlalo huo una sababu: ukingo wa ngozi unaweza kukunjuliwa ulale usawa mmoja na sehemu ya chini, vyote viwili vikatwe kwenye slaidi moja. Kabla kipande hakijatoka, vijialama huchanjwa mahali pa saa 12, 3, 6 na 9 kama kwenye uso wa saa, kwenye kipande na kwenye ngozi inayobaki. Alama hizo zikisahauliwa, raundi nzima haina maana, maana hakuna atakayejua saratani iliyoonekana imebaki upande gani wa pua.

Kipande hupakwa wino wa rangi tofauti kila upande, ramani huchorwa, na fundi wa maabara hukigandisha ndani ya krayostati, mashine ya baridi ya kukata tishu, kwenye nyuzi 20 hadi 25 chini ya sifuri. Hukatwa kwa mlalo, kuanzia upande wa chini, vipande vya mikroni 5 hadi 8, hupakwa rangi, na daktari aliyekata ndiye anayesoma. Akiona saratani saa 4 kwenye ramani, anarudi saa 4 tu na kuchukua tabaka jingine hapo. Kila raundi hula karibu saa nzima, na sehemu kubwa ya muda huo mgonjwa anasubiri akiwa na bandeji. Wengi humaliza kwa raundi moja hadi tatu.

Tofauti na upasuaji wa kawaida ni hii. Maabara ya kawaida hukikata kipande wima, kama mkate unavyokatwa slesi, kisha hutazama slesi chache. Kwa namna hiyo sehemu ya ukingo inayoonekana haifiki hata asilimia 2. Ripoti ikisema "kingo ni safi", imesema kuhusu slesi zilizotazamwa. Ndiyo maana mkato wa kawaida unahitaji ukanda wa ziada wa ngozi nzima: milimita 4 kwa kasinoma ndogo ya seli za msingi isiyo kali, 4 hadi 6 kwa ya seli bapa, na zaidi ikiwa kali. Mgongoni milimita 4 si kitu. Kwenye bawa la pua ni bawa zima.

Utafiti wa Uholanzi uliowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu na kuwafuatilia miaka 10 ulikuta kasinoma ya seli za msingi ya uso, ile iliyotibiwa kwa mara ya kwanza, ilirudi kwa asilimia 4.4 baada ya Mohs na asilimia 12.2 baada ya mkato wa kawaida. Kwa zile zilizokwisha kurudi mara moja, ilikuwa 3.9 dhidi ya 13.5. Tofauti hiyo ya pili ndiyo inayotufanya tuseme bila kusita kwamba saratani iliyorudi puani isikatwe tena kwa macho tu.

Inapokosea

Mohs hukosea mara nyingi kwa sababu ndogo za maabara. Mafuta hayagandi vizuri, kipande hupasuka au hukunjika, na ukingo wa ngozi ya juu haufiki kwenye slaidi. Slaidi isiyo na ukingo kamili hairuhusu kusema "safi", na daktari mwenye haraka atasema. Saa iliyojaa wagonjwa wengi kwa krayostati moja ni mahali pa kutilia shaka. Vifuko vya nywele, ambavyo pua inavyo vingi, vikikatwa mlalo hufanana na kasinoma ya seli za msingi. Msomaji asiye na uzoefu ataendelea kukata pua isiyo na ugonjwa. Seli za kinga zinazoletwa na uvimbe wa kawaida wa kidonda zikijazana, huficha saratani iliyo katikati yake.

Melanoma haisomeki vizuri kwenye tishu iliyogandishwa kwa rangi za kawaida. Inahitaji rangi maalumu za kingamwili, au njia ya polepole tutakayoieleza. Kituo kinachotangaza Mohs kwa melanoma kiulizwe hilo.

Na wapo wasioihitaji. Kinundu salama hakihitaji Mohs, wala kasinoma ndogo isiyo kali ya shingoni au mgongoni. Pua, kope, midomo, masikio, panja na eneo lililozunguka macho ndiyo makao yake, pamoja na saratani kali, iliyorudi, au isiyo na mpaka unaoonekana popote ilipo.

Kuziba shimo

Shimo mara nyingi huwa kubwa kuliko kinundu kilivyoonekana, na mgonjwa aambiwe hivyo mapema, kwa maneno ya wazi. Uzibaji uanze baada ya kingo kuthibitishwa. Pande la ngozi (ngozi ya jirani inayosogezwa ikiwa bado imeunganishwa na damu yake) likizungushwa juu ya saratani iliyobaki, ugonjwa huzikwa, na kuutafuta baadaye ni kufumua uso wote.

Shimo dogo lililo kwenye bonde, kama kona ya ndani ya jicho au mkunjo wa bawa la pua, linaweza kuachwa lipone lenyewe kwa wiki kadhaa, na kovu lake mara nyingi ni zuri kuliko la mshono. Kwenye ncha iliyotuna, kovu la namna hiyo hubonyea. Shimo la hadi sentimita 1.5 kwenye sehemu ya chini ya pua hufunikwa vizuri kwa pande lenye masikio mawili, linalochota ngozi iliyolegea juu zaidi. Mzunguko wake wote uwe nyuzi 90 hadi 100. Muundo wa zamani wa nyuzi 180 huacha uvimbe na hujikunja. Kiraka cha ngozi kamili kutoka mbele au nyuma ya sikio ni rahisi, lakini rangi na unene wake vinaweza kutofautiana na vya pua, hasa ncha yenye ngozi nene ya mafuta.

Shimo likizidi sentimita 1.5 hadi 2, bingwa ni pande la paji la uso. Hulishwa na mshipa unaopanda karibu na mwanzo wa nyusi, na shina lake huachwa na upana wa sentimita 1.2 hadi 1.5. Hubaki limeunganishwa wiki 3, kisha shina hukatwa. Wiki hizo ni ngumu: miwani haikai, shina linavuja damu kidogo, watu wanakodoa macho. Mgonjwa aonyeshwe picha za hatua hiyo kabla ya kukubali. Anayevuta sigara aache wiki kadhaa kabla na baada, kwa sababu nikotini hubana vijishipa na ncha ya pande hufa ikawa nyeusi.

Kosa tunaloliona baya kuliko yote katika uzibaji ni kusahau gegedu. Bawa la pua likipoteza uimara wake na kuvikwa ngozi tupu, linavutwa juu kadiri kovu linavyokaza, au linanyonywa ndani kila pumzi. Kijiti cha gegedu kutoka bakuli la sikio huzuia yote mawili, na kiwekwe siku hiyohiyo. Mpasuaji mzuri pia huheshimu maeneo ya pua: mgongo, ncha, pande, mabawa, nguzo ya kati. Sehemu kubwa ya eneo moja ikipotea, mara nyingi huondoa iliyobaki na kuliziba eneo zima, kovu likae kwenye mpaka ambao jicho lilikuwa linautarajia.

Dawa za moyo, vifaa, na siku za baadaye

Dawa za kuzuia damu kuganda zisisimamishwe na mgonjwa kwa uamuzi wake. Kwa kazi ya ngozi kwa kawaida huendelea, kwa kuwa kiharusi ni kibaya kuliko bandeji iliyolowa. Mwenye kifaa cha moyo aseme mapema ili umeme wa ncha mbili au chuma cha moto vitumike badala ya umeme wa kawaida. Kwenye panja, mgonjwa aelezwe kwamba tawi la neva linaloinua nyusi liko karibu na ngozi na linaweza kudhurika.

Damu ikitoka, mara nyingi ni ndani ya saa 48. Mgonjwa abane kwa shashi kavu dakika 20 bila kuchungulia. Uvimbe unaokaza, kuuma na kuongezeka chini ya mshono ni wa kurudishwa usiku huohuo. Kidonda kioshwe kwa maji na sabuni kila siku na kupakwa mafuta mazito ya kujipaka aina ya Vaseline. Marhamu ya antibiotiki haiongezi faida kwenye kidonda safi, na huwasha ngozi za baadhi ya watu. Nyuzi za uso hutolewa siku ya 5 hadi ya 7; zikichelewa huacha alama za ngazi. Pande lililovimba kama mto huanza kukandwa baada ya wiki chache na huweza kudungwa triamsinoloni, dawa ya steroidi. Kovu huendelea kubadilika hadi mwaka, kwa hiyo uamuzi wa kulirekebisha usifanywe mwezi wa pili.

Pasipo na krayostati

Vituo vingi havina kifaa hicho, na hilo lisimwache mgonjwa na mkato wa kubahatisha. Njia ya polepole hutumia maabara ya kawaida: kipande hukatwa na kuwekwa alama vilevile, huhifadhiwa kwenye fomalini, na mpatholojia huombwa kwa maandishi akate kingo kwa mlalo badala ya slesi. Kidonda hufungwa bandeji siku moja hadi chache, mgonjwa hurudi, na uzibaji hufanyika baada ya jibu. Inachosha, lakini inatazama ukingo wote, na kwa melanoma ya uso ni bora kuliko kugandisha. Kinachohitajika ni mpasuaji na mpatholojia wanaozungumza.

Kwa asiyeweza kupasuliwa ipo mionzi, ambayo kwa kawaida huepukwa kwa vijana na haitumiki kwa wenye zeroderma pigmentosamu (ugonjwa wa kurithi wa ngozi isiyostahimili jua) au ugonjwa wa Gorlin (wa kurithi, unaoleta kasinoma nyingi za seli za msingi). Krimu ya imikwimodi, inayoamsha kinga ya ngozi, hatuipendekezi puani. Inafaa saratani ya juujuu, na pua ina njia nyingi za kushuka chini.

Mgonjwa asitoke bila nakala ya vitu vinne: picha ya kinundu kabla ya kukatwa, jibu la maabara, ramani ya Mohs yenye idadi ya raundi, na maelezo ya namna shimo lilivyozibwa. Ukaguzi uwe kila miezi 6 hadi 12 kwa miaka 5 ya mwanzo, na mara nyingi zaidi kwa kasinoma ya seli bapa, ambapo matezi hupapaswa kila mara. Mkaguzi atazame uso mzima, masikio na kichwa, kwa kuwa aliyepata moja yuko katika hatari kubwa ya kupata nyingine mahali pengine, na ganzi au hisia ya wadudu wanaotembea chini ya kovu achukulie kuwa neva imeshikwa hadi MRI iseme vinginevyo.